Cheo Kinastaafu, Mchezaji Hastaafu

Hotuba kwa watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa kikao, viongozi mliopo, watumishi wenzangu, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za mchana.

Nimeiona ratiba yenu. Jana mlikaa na wataalamu wa kikokotoo cha mafao. Asubuhi hii mmefundishwa kuku wa mayai na hatifungani za serikali, na kesho daktari atakuja kuzungumza nanyi juu ya sukari na presha. Yote hayo mnayahitaji, yaandikeni vizuri. Kipindi changu kimewekwa baada ya chakula, saa ambayo macho huwa mazito, na mada yenyewe niliiomba mimi: kucheza. Mazoezi ya viungo namwachia daktari. Ninachosema mimi ni bao, drafti, karata, kuvuta kamba, utani, ngoma, vitendawili, yale mambo ambayo mtu huyafanya kwa kuwa anayapenda, na akimaliza hana cha kuonyesha zaidi ya kwamba amecheza.

Nataka kuwashawishi jambo moja tu. Mtu mzima anahitaji mahali ambapo watu wanamjua kwa kitu kingine kisichokuwa cheo chake. Katika jamii zetu, tangu enzi za mababu, mahali hapo pamekuwa mchezoni. Na ninyi mliobakiza miaka mitatu, minne, mitano, mnatakiwa kupatafuta sasa, mkiwa bado mna ofisi.

Sheria mnaijua: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Siku hiyo ikifika utakabidhi gari, funguo, mhuri na kompyuta. Hivyo vimo kwenye fomu ya makabidhiano. Viko vingine havimo kwenye fomu. Iko salamu uliyozoea kupewa na mlinzi wa getini kila asubuhi. Wako watu waliokuwa wakicheka ukisema neno kikaoni. Iko simu iliyokuwa ikilia mpaka saa nne usiku. Nimefundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu, na katika rika langu nimewaona wakuu wa shule, maafisa elimu na wakurugenzi wamekaa barazani kwenye nyumba nzuri walizojenga kwa jasho lao, hawajui waende wapi. Fedha wanazo. Mashamba wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia, "Njoo, zamu yako."

Mimi nimekulia Unguja, Ng'ambo. Kwenye baraza ya mtaani kwetu fundi wa bao alikuwa hamali wa bandarini. Mchana alibeba magunia ya karafuu. Alasiri alioga, akavaa kanzu na kofia, akaja kukaa kwenye jamvi, na tangu hapo hadi magharibi yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote waliokuwapo. Walikuja makarani, walikuja walimu, na alikuja bwana mmoja ambaye ofisini kwake huingii bila miadi. Wote walivua viatu wakasubiri. Kule ufundi wa bao hauandikiwi barua ya uteuzi. Watu wanakuona, wanakupa. Yule bwana wa miadi akifungwa, aliinuka, akampisha mwingine, akasimama nyuma pamoja na sisi watoto, akitazama mkono wa hamali unavyotembea. Hakuna aliyemwonea aibu wala yeye hakujionea. Kesho yake alasiri alikuwa amerudi.

Kwa wasiolijua vizuri, ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete 64, nusu zako nusu za mwenzako. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazoteleza mkononi. Mnaanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo jirani yake. Zilizobaki, 22, kila mmoja anazishika mkononi na kuziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Za mkononi zikiisha mnaingia kwenye mtaji, sehemu ya pili ya mchezo, na hapo mnacheza kwa kete zilizo ubaoni tu.

Sasa tazameni uzuri wake. Kwenye drafti kizibo kilicholiwa kinawekwa pembeni, kimekufa. Kwenye bao kete zilizoliwa zinabaki mchezoni. Mlaji anazichukua, anaanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu yake ya mbele, anazisambaza moja moja, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake kwa mwenzake kuna kete, anakula tena. Mkono unaweza kuzunguka hivyo mara nyingi kwa zamu moja. Fundi anaona mwisho wa mzunguko kabla hajagusa ubao, na vilevile anaona ubao utakavyokuwa umemwachia mwenzake. Yule hamali shuleni hakufika mbali. Lakini hesabu aliyoifanya kichwani, jamvini, watu wakimpigia kelele pande zote, ningemwekea mwanafunzi wa kidato cha sita karatasi na kalamu na bado ningemwongezea muda. Na alifanya hivyo akitabasamu, kwa sababu alikuwa anacheza. Nimekaa darasani miaka mingi na nina hakika na hili: akili ya mtu inafika mbali zaidi pale ambapo kukosea hakumgharimu kitu.

Mwalimu Nyerere, mnafahamu, alikuwa mpenzi wa bao. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama. Hakuwa mtu wa kuhangaika atafanya nini na mikono yake: alikuwa na shamba, alikuwa na vitabu, na alikuwa na bao.

Sasa nizungumze na ninyi wenye vyeo, na humu mko wengi. Mkuu wa idara akiisha kukaa kwenye kiti chake miaka kumi na tano, watu wameacha kumfunga. Akisema jambo lisilo sahihi kikaoni, wanaliandika kwenye muhtasari. Akitania, wanacheka kabla hajamaliza. Hakuna aliyekusudia ubaya, ndivyo kazi ilivyo. Lakini mtu huyo, bila kujua, amesahau kufungwa. Amesahau namna ya kusema "umenipata" na kuendelea kukaa hapohapo akiwa na furaha yake. Halafu anastaafu, na maisha ya uzeeni yana kufungwa kwingi: goti linakufunga, mjukuu anakufunga kwenye simu, karani mdogo wa benki anakuambia ujaze fomu upya. Aliyezoea kufungwa jamvini anayapokea. Aliyesahau anageuka mtu wa hasira, na nyumba nzima inaishi ikiogopa hasira yake.

Wengi wenu mmewahi kuvaa fulana za SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali. Mnakumbuka kuvuta kamba. Pale uwanjani kwenye kamba moja wamo dereva, mhasibu, mhudumu wa ofisi, mkurugenzi msaidizi, wamechimba visigino ardhini, na anayepiga amri labda ni mtunza kumbukumbu kwa sababu ndiye mwenye sauti. Nani hapo anauliza ngazi ya mshahara? Kamba inauliza jambo moja tu, kama unavuta. Na mkirudi ofisini Jumatatu kuna kitu kimebadilika kati ya mkurugenzi na dereva wake. Wanaendelea kuheshimiana kama kawaida, lakini sasa wanajuana. Mimi naumia nikisikia ofisi inatoa visingizio vya bajeti kila mwaka ili watu wake wasiende kwenye michezo. Hujui unachokiondoa, ndugu mkurugenzi. Unawaondolea watu wako siku ambazo walikuwa watu kamili.

Na babu zetu walilijua hili kwa undani kuliko sisi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mji huuhuu, palikuwa na vyama viwili vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti. Watu wazima, makuli, makarani, wapishi, mafundi, walijipa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, wakashona sare, wakapiga matarumbeta na kuandamana barabarani kushindana nani amependeza, nani amepiga vizuri, nani amewalisha watu vizuri zaidi. Wakati ule Mwafrika hakuweza kuwa ofisa wa kweli katika nchi yake. Jioni, mchezoni, alikuwa. Na vyama hivyo havikuishia kwenye ngoma. Mgeni aliyekwama mjini, mwanachama aliyeugua au kufiwa, wenzake wa ngoma ndio waliosimama naye. Sidhani kama lilikuwa jambo la bahati. Watu waliocheza pamoja wanajua majina ya kila mmoja, wanajua nani hajaonekana wiki hii, na wanajua anakaa wapi.

Nije kwenye utani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Walimwagana damu. Leo ni watani. Wanyamwezi walipita kwa Wazaramo na misafara ya pembe kuja pwani, na hao nao ni watani. Yaani watu waliopigana, au waliokuwa wageni wa kutiliana shaka, walikubaliana kuweka mchezo kati yao, na wakawarithisha wajukuu. Sijui hekima iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Nimehudhuria msiba wa jirani yangu mmoja, Mngoni. Siku ya maziko jeneza limeshatoka ndani, wanaume wamelibeba, akaja mama mmoja wa Kihehe, mtu mzima, muuguzi mstaafu, amejifunga kanga kiunoni. Akalala kifudifudi njiani mbele ya jeneza. "Hatoki mtu hapa! Huyu Mngoni ana deni letu, babu yake alimkimbia babu yangu akaacha viatu!" Watu wakasimama. Akainuka, akaanza kutembea anavyotembea marehemu, bega moja chini, mkono nyuma, akikohoa kama yeye, akawauliza waombolezaji kwa sauti yake mbona hawajamwekea chai. Mjane alikuwa hajanyanyua kichwa tangu juzi. Alinyanyua, akamwona mumewe akitembea pale kwenye mwili wa yule mama, akacheka. Alicheka kwa sauti, huku machozi yanatoka, na wanawake waliomshikilia wakacheka naye. Watani wakalipwa noti mbili tatu, wakapisha njia. Na hao hao watani ndio waliokuwa wameamka alfajiri kushika majembe kaburini.

Kuna dawa gani ya hospitali inayofanya kazi ile? Na ilifanywa na mwanamke mwenye heshima zake, aliyejua kuwa siku ile heshima yake ilikuwa ni kulala kwenye vumbi.

Tuliobaki mijini utani wetu sasa umehamia kwenye mpira. Yanga wameanzishwa 1935, Simba 1936, na tunawaita watani wa jadi. Mnaijua Jumatatu ya ofisini baada ya mechi: kuna mtu amechelewa makusudi, kuna mwingine amewekewa jezi kwenye kiti. Shikeni hilo. Lakini wafundisheni na watoto wenu ule utani wa makabila, kwa sababu mpira hautakuja kuwachimbia kaburi.

Dada zangu na mama zangu, nimesema sana habari za baraza na baraza ni ya wanaume, najua. Mwanamke wetu akicheza anaitwa mvivu haraka kuliko mwanamume. Anatoka ofisini saa kumi, anaingia jikoni, na hata Jumapili mikono yake inatafutiwa kazi. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Mombasa akina mama walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada wakiwa mahasimu wakubwa, na wanawake wenye waume na wajukuu walishindana kwa ngoma, kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kupigana vijembe. Kulikuwa na ufundi mkubwa humo wa kupanga, kuongoza na kutunza fedha. Na hata leo mwanamke anayechagua kanga kwa ajili ya maneno yake, akajifunga siku anayojua jirani fulani atapita, anacheza, tena mchezo wa akili. Mnaokutana kwenye vikoba, ongezeni nusu saa baada ya hesabu. Pigeni rede. Chezeni mdako. Nimeona akina mama wa miaka hamsini na kitu wakicheza rede kwenye bonanza hapa Dar es Salaam, wakikwepa mpira na kupiga makelele, na wajukuu wao wameduwaa pembeni kwa sababu hawakujua bibi anaweza kuruka vile.

Yapo maneno mawili matatu huwa naulizwa.

La kwanza ni heshima. Watu wanasema mtu mzima akicheza anajishushia. Ninawajibu kwa yule hamali na yule mama wa Kihehe. Mtu ambaye heshima yake inaweza kuondolewa na kete za komwe, heshima hiyo ilikuwa inamtegemea nani? Wazee wamesema ng'ombe hazeeki maini, na hawakuona haya kusema.

La pili ni kazi. Siwatetei wanaokaa kijiweni tangu saa mbili asubuhi na nyumbani hakuna unga. Kwenye baraza yetu mtu wa namna hiyo alikuwa akifukuzwa na wachezaji wenyewe. Adhana ikilia, mchezo ulisimama, kete zikabaki kwenye mashimo zilivyo, na hakuna aliyezigusa mpaka wenyewe warudi. Mchezo wenye watu wazima ndani yake una adabu yake na una saa zake. Kazi na dawa, ndivyo tunavyosema, na vyote viwili vimetajwa.

La tatu nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe, kwa kuwa linahusu fedha zenu. Kubeti si kucheza. Mkishalipwa mafao, kuna watu watakuja na mikeka ya mechi, wengine watakuja na michezo ya kwenye simu yenye rangi na muziki. Nimesema mchezo ni mahali ambapo kukosea hakukugharimu. Ukishaweka kiinua mgongo chako hapo, kila kosa linakula ada ya mtoto. Na tazama anavyokaa mtu anayebeti: peke yake, ameinamia simu, hana wa kumwambia "umenipata." Hapo hamna mwenzako hata mmoja. Kama unataka kusisimkwa na moyo uende mbio, nitakukutanisha na wazee wa drafti wa Kariakoo, watakusisimua bure.

Sasa nini cha kufanya. Chagueni mchezo mmoja mwaka huu, msisubiri barua ya kustaafu. Nina sababu. Kijiwe kina wenyewe. Ukienda siku ya kwanza ukiwa na miaka 60, umejaa unyonge wa kuachwa na ofisi, utasikia kila utani kama tusi. Ukienda sasa, ukiwa bado una pa kwenda Jumatatu, utavumilia. Nenda Jumamosi alasiri, uache gari nyumbani. Salimia, kaa, tazama. Usiseme unafanya kazi wapi mpaka uulizwe, na ukiulizwa jibu kwa ufupi. Mwanzoni utafungwa na dereva wa bodaboda, utafungwa na muuza kahawa, utafungwa na mtoto aliyetumwa chumvi. Wakikucheka, wamekupokea. Siku utakayokosa kwenda, wakapiga simu kuuliza mbona hatujakuona, basi umeshapata kile nilichokuja kukisema leo.

Mlio na madaraka bado, nawaomba ubao mmoja wa bao kwenye kantini na drafti mbili. Fundi seremala wa mtaani anachonga ubao kwa fedha isiyofika posho ya kikao kimoja, na kama hata hiyo hakuna, bao linachezwa kwenye mashimo yaliyochimbwa chini, kwa kokoto. Waruhusuni watu wenu waende SHIMIWI. Na nendeni wenyewe, mshike kamba, msikae jukwaa kuu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nashukuru. Nimekubaliana naye kuwa kipindi kinachofuata kianze saa kumi kamili, kwa hiyo tuna dakika arobaini. Nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya chai, kuna mbao mbili za bao nimekuja nazo. Asiyejua kabisa aje kwenye ule wa kushoto, tutaanza na bao la kujifunza, halina namua, halina mambo mengi. Anayejua aende kwenye ule wa kulia. Yuko mzee wangu mmoja kutoka Unguja ameshakaa pale tangu mlipokuwa mnakula, na ameniambia kuwa hajapata mtu wa kucheza naye tangu ashuke botini. Anayefungwa anainuka, anampisha mwenzake, hata awe nani.